Kompyuta ya Kumwonyesha Baba Harusi

Niliolewa nikiwa na miaka arobaini na minne, kwa hivyo naomba nisamehewe nikisema "mume wangu" mara nyingi kupita kiasi. Miezi ile ya kwanza nililipenyeza neno hilo kila mahali lilipopata nafasi. Kwa muuza nyanya: mume wangu hapendi zilizoiva sana. Kwa askari wa langoni pale ofisini: leo nimeletwa na mume wangu. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Wenzangu wa ofisi huko Embu, ambao kwa miaka walikuwa wakiniombea kwa sauti ya chini kana kwamba naumwa, sasa wakiniona kwenye korido walikumbuka kwamba wana kazi.

Furaha hiyo yote ilikuwa na doa moja, nalo lilikuwa baba yangu.

Baba ni mkulima wa ndizi Mitunguu. Aliingojea harusi yangu kuliko nilivyoingojea mimi, na wiki yenyewe ya harusi akateleza kwenye mfereji wa maji akiwa amebeba mkungu ambao hakuna mtu aliyemtuma kuubeba. Akavunjika mguu. Nilipomwambia pale hospitalini kwamba tutaahirisha, alinitazama kama nimemtukana.

"Ukiahirisha," akasema, "huyo mtu atapata muda wa kufikiria."

Basi tukafunga ndoa Meru mjini, tukala karamu kwenye tenti huko Kinoru, na baba akabaki kitandani na plasta yake. Kiti chake cha mbele, kile kilichofungwa utepe, kilikaa kitupu kutwa nzima.

Aliporudi nyumbani, mimi na mume wangu tukaenda kumwona. Alimpokea mume wangu vizuri mno, na hapo ndipo nilipoona shida. Alimpa sofa nzuri. Alimwagiza shangazi, dada yake anayekaa naye tangu mama atangulie, amletee chai kabla ya mtu mwingine yeyote. Akamuuliza habari za safari, habari za mvua, habari za duka lake la agrovet, la mbegu na dawa za mifugo, na yote hayo kwa Kiswahili. Sasa, kwetu nyumbani Kiswahili ni lugha ya kuongea na daktari wa ng'ombe na watu wanaouza bima. Sisi kwa sisi tunasema Kimeru, na mume wangu, ambaye ni Mwembu, anakisikia vizuri, maana Kiembu na Kimeru ni ndugu. Baba alijua hivyo. Lakini kila alipogeuka kwangu alisema Kimeru, na kila alipogeuka kwa mume wangu alirudi kwenye Kiswahili cha kukaribishia wageni.

Nilipomuuliza kando, hakuzunguka.

"Mimi sijaona harusi. Nimeambiwa tu. Wewe ukiambiwa ng'ombe amezaa, si unaenda kuona?"

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mume wangu alifika Mitunguu mara ya tatu, akafika ya nne, na jembe hakulisikia hata likitajwa. Alijitolea kwenda kufungulia migomba maji, kazi ambayo mguu wa baba haukuiweza tena. "Aa-a, wewe pumzika," baba akamwambia. "Wewe ni mgeni wetu." Siku hiyo tulirudi Embu, na mume wangu akazima redio kabla hatujafika Chuka. Baba yake mwenyewe alifariki yeye akiwa mdogo sana. Nilijua alichokuwa akikitafuta katika nyumba ile, ingawa hakuwahi kukisema, na iliniuma.

Dawa ilikuwa moja tu: baba aone harusi. Lakini aione wapi? Mpiga picha tuliyemlipa alirudi na kadi ya kamera iliyokataa kufunguka, akaturudishia pesa zetu na pole nyingi. Tulichobaki nacho ni simu za jamaa. Nikaanza kuzunguka na flash kukusanya video zao, nizikate na kuziunga ziwe filamu moja. Kulikuwa na video zilizosimama, zilizolala, na zenye kidole gumba mbele. Ndefu kupita zote ilikuwa ya shangazi, ambaye alibonyeza ile alama nyekundu akiwa tentini, akaamini amezima, akazunguka na simu mkononi akirekodi nyasi na viatu vya watu. Kwenye kompyuta yangu ya ofisini hata barua ya kurasa mbili hufunguka kwa maombi. Ilibidi tununue yetu.

Jamani, ukitaka kujua una washauri wangapi duniani, tangaza kwamba unatafuta kompyuta. Mmoja aliniambia bila kitu kipya kabisa nitalia. Mwingine akasema vipya ni vya kujionyesha, nitafute ex-UK, yaani zile zilizotumika kwanza ng'ambo ndipo zikaletwa kwetu. Mwanakwaya mwenzangu alisema cha muhimu ni rangi. Mimi nilisikiliza wote kwa heshima kisha nikabuni mtihani wangu mwenyewe. Katika zile video kulikuwa na moja safi sana, aliyoirekodi binamu yangu mlangoni mwa kanisa, ambapo shangazi anapiga vigelegele vya kuondoa bati. Kompyuta itakayocheza vigelegele vile mwanzo hadi mwisho bila kukwama, na mdomo wa shangazi ukafuatana na sauti yake, hiyo ndiyo yetu.

Duka la kwanza lilikuwa Embu. Kijana wa mauzo akanitolea kitu chembamba, cheupe, kinachong'aa.

"Madam, hii ni moto. Slim, ni touch screen, hii ni ya ma-executive kama wewe."

"Itakata video?"

"Itakata hata nyasi."

Nikachomeka flash. Shangazi akafungua mdomo, akabaki vivyo hivyo. Sauti ikaja peke yake, ikakatika, ikarudi. Shangazi akaanza kufunga mdomo sauti ilipokuwa imeshafika kwenye wimbo wa kwaya.

"Hiyo file yako ndio iko na shida," kijana akasema.

"Shangazi yangu hana shida yoyote," nikamjibu, nikachomoa flash yangu.

Duka la pili kompyuta ilijitahidi, lakini feni yake ilinguruma kuliko vigelegele. Duka la tatu hatukununua kitu, ila tulipata marafiki. Mama mmoja aliyekuja kununua wino wa printa alisimama nyuma yangu, akatazama, akaita mwenzake.

"Haki, gauni! Bibi harusi ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe! Na huyu wa suti?"

"Huyo ni mume wangu," nikasema, kwa sauti ambayo nadhani ilifika stendi. Mume wangu akaanza kusoma bei za printa kwa makini.

Tuliipata Meru mjini, chini ya rundo. Ilikuwa nene, nyeusi, imechubuka mgongoni, nzito kama jiwe la kusagia. Muuzaji hata hakutaka kuitoa.

"Hiyo iko na nguvu, sidanganyi. RAM ni kumi na sita, na iko na kadi yake ya graphics. Lakini watu hawaitaki juu ya huo uzito. Na betri ilikufa, lazima ukae karibu na stima."

"Mimi pia watu walisema nimechelewa," nikamwambia. "Washa."

Akawasha. Shangazi akafungua mdomo, na vigelegele vikatoka vyote, vizima, vimefuatana na ulimi wake, vikajaza duka mpaka barabarani. Mwanamke aliyekuwa kaunta akaitikia kwa vyake. Mwingine aliyekuwa akipita nje akaitikia bila kujua ni vya nini. Mimi nilikuwa nikiruka, na miaka yangu yote ile, nimeshika mkono wa muuzaji badala ya mkono wa mume wangu. Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya kile cheupe kinachong'aa. Tuliibeba kwa zamu hadi kwenye gari, tukicheka.

Jumamosi zilizofuata nilikaa kwenye meza ya kulia chakula nikikata. Sikujua kama nina kipaji cha ukatili. Nilikata mahubiri. Nilikata vichekesho vya MC, hasa vile vilivyorudiwa. Nilikata wajomba wakitafuna. Na kila mahali kile kiti kitupu chenye utepe kilipoingia kwenye picha, nilikivuta pembeni mpaka kikatoka, kwa sababu kila nilipokiona nililia, na sikutaka baba naye akione. Kompyuta ilijaa upesi, nikataka kufuta ile video ndefu ya shangazi ya nyasi.

"Usifute," mume wangu akasema.

"Ni viatu, mpenzi. Ni viatu tu."

"Kuna siku utavitaka."

Mume wangu hatupi kitu. Dukani kwake ana mkebe wa misumari iliyopinda. Akaihamisha ile video kwenye flash, akaitia mfukoni.

Filamu yangu ilitoka fupi na tamu, na muziki chini yake. Tukaipeleka Mitunguu alasiri moja, tukaiunganisha kompyuta na televisheni ya baba, shangazi akafunga mapazia, na sote tukakaa. Baba aliweka magongo yake kando, akatazama bila kupepesa macho. Ilipoisha, akangoja.

"Imeisha?"

"Imeisha, baba."

"Hiyo ni tangazo la sabuni."

Shangazi akacheka mpaka akashika meza. Baba hakucheka. Nani aliomba kabla ya chakula, akataka kujua. Watu wa Embu walikaribishwa na nani? Wale jamaa zetu wa mlimani walikuja, ama walituma salamu? Nyama ilitosha? Alikuwa amengoja harusi nzima, nami nimemletea vionjo. Nilimweleza kwa ukali kidogo kwamba siku hizi ndivyo watu wanavyofanya. Akaniambia kwamba siku hizi hazikuvunjika mguu, aliyevunjika mguu ni yeye.

Mume wangu akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile flash.

Nyasi za Kinoru zikajaa televisheni, kisha viatu. Nami nilidhani baba ataomba tuzime. Badala yake akasogea mbele.

"Huyo ni ndugu yangu wa kule juu mlimani. Hata kwa harusi hakupiga viatu rangi." Akanyoosha gongo. "Huyo mwenye soksi nyeupe ni mwalimu. Alikuja! Na hawa wamefuatana, wamepatana lini?" Alikuwa akiwatambua kwa miguu, kwa kukohoa, kwa namna ya kuburuta kiti. Baba alikuwa ameingia tentini. Akawasalimia. Akawasengenya. Mara akafurahi hadi akagonga sakafu na gongo, shangazi naye akawa anaongezea nani alikula mara mbili, na mimi nikacheka nao mpaka mbavu zikaniuma. Mume wangu peke yake ndiye aliyekaa wima pale kwenye sofa ya wageni, akitabasamu kila tulipocheka.

Kisha picha ikasimama. Shangazi siku ile alikuwa amefika safu ya mbele na kusimama, na kilichoonekana ni miguu ya kiti, na ncha ya utepe ikining'inia. Nilikitambua kiti kile nikatafuta rimoti nizime. Viatu vikubwa vya mwanamume vikaja vikasimama kando yake, na sauti ya mjomba wa mume wangu ikasema kwa Kiembu kwamba amechoka kusimama, na hapa pana nafasi.

Sauti nyingine ikamjibu, kwa Kiembu pia. Ilikuwa ya mume wangu.

"Hapana, mjomba. Hapo pana mtu."

"Nani? Mbona sioni mtu?"

"Ni baba. Amechelewa kidogo tu."

Viatu vikubwa vikaondoka. Vile vya mume wangu, vipya, ambavyo nilimchagulia mimi, vikabaki pale kando ya kiti, havisogei, mpaka shangazi akatembea tena na nyasi zikarudi.

Pale sebuleni mume wangu alikuwa ameinama akichunguza waya wa kompyuta ambao haukuwa na kasoro yoyote. Mimi ndiye niliyekitoa kiti kile kwenye kila picha. Sikujua kwamba siku ile kilikuwa na mlinzi.

Baba akajifuta uso na kiganja chote, kama anayefuta jasho. Kisha akamgeukia mume wangu, akamwambia kwa Kimeru, tena kwa ule ukali anaotutolea sisi watoto wake, kwamba jua linaelekea kuzama na migomba haijapewa maji, na je, amekaa pale akingoja nani akafungue.

Mume wangu akasimama kwa haraka akakwaa meza. Hakuuliza buti ziko wapi. Alitoka mbio na viatu vyake vya mjini, na tukamsikia akiteremka kuelekea mferejini, na shangazi akimpigia kelele kutoka mlangoni kwamba aangalie mahali panapoteleza.

Baba akangoja mpaka hatua zake zikapotea kabisa. Akatazama mlangoni mara moja, kuhakikisha.

"Haya, ameenda," akaniambia. "Rudisha pale pa kiti."