Jina Lililokwama Pangai

Kalisi wa Pangai, mji mdogo wa kisiwani mashariki ya Australia, alikuwa msusi wa mikeka, na Jumapili hakugusa hata ufagio. Mwaka uliopita alimfokea shemeji yake mbele ya wageni kwa kupasua kuni siku ya Bwana. Ndiyo maana majirani walishangaa kumwona Jumapili ile, kengele ya kanisa ikilia, amesimama langoni na fundi wa simu, hajui amkaribishe au amfukuze.

Yote yalianza mtandao ulipokatika. Simu zikawa mawe, televisheni zikabaki chenga tupu. Pangai ilishazoea dharau hiyo: watu wananunua vifurushi, vifurushi vinaisha muda bila kutumika, na kampuni haimwombi mtu radhi. Lakini safari hii Maka, mdogo wake Kalisi anayeishi Logan, Australia, alikuwa amepata mtoto wa kiume, na ubatizo ulikuwa Jumapili. Jina la mtoto hutoka kwa shangazi yake, dada wa baba. Na Kalisi, kama waliomtangulia, hakutoa jina kabla ya kuuona uso wa mtoto, wala hakulituma kwa kinywa cha mtu mwingine.

Siku chache kabla, alikuwa amekwenda ofisi ya kampuni. Binti wa kaunta, Vasiti, alimwambia, "Mama Kalisi, malalamiko yanapokelewa kwa simu au kwenye mtandao."

"Simu ipi, mwanangu? Na mtandao upi?"

Vasiti aliona aibu, akamuunganisha na makao makuu kwa simu ya setilaiti, chombo pekee kilichofanya kazi pale ofisini. Sauti ya mwanamume wa nchi nyingine ikauliza mtaa na namba ya nyumba.

"Nyumba haina namba. Ukipita kanisa la chini, kuna kwa Vika, halafu kwangu. Nguruwe mweusi hulala langoni."

"Mama, kwenye kompyuta yangu mtandao wenu ni mzima. Hakuna mwingine aliyelalamika."

"Watalalamika kwa kutumia nini?"

Sauti ikasema fundi atafika Jumapili asubuhi.

"Jumapili ya wapi?" Kalisi aliuliza, lakini ile sauti ilikuwa imeshamtakia siku njema.

Sasa fundi mwenyewe, Feleti, alikuwa langoni. Alikuja na boti ya Jumamosi kutoka Nuku'alofa, mji mkuu, amejifunga kiunoni ta'ovala, mkeka wake wa kuvaa kanisani, na juu yake mkanda wa bisibisi na koleo.

"Hata mimi sielewi, mama," alisema. "Karatasi imeandika leo. Boti inarudi kesho asubuhi, na mimi nimo."

"Kuchomeka waya ni kazi, au si kazi?"

"Bosi anasema ni huduma."

Vika jirani akacheka nyuma ya ua. "Muulize shemeji yako, dada. Pengine na kuni zake zilikuwa huduma."

Kalisi aliutazama mnara kwa mbali, akalitazama kanisa. Kule Logan watu walikuwa wanavaa. Angefumba macho tu, Feleti angepanda. Lakini sheria ya nchi ilikataza kazi siku hiyo, naye alikuwa ameitetea maisha yake yote. Mbona mtu aliyekaa mbali, asiyejua hata nguruwe wake analala wapi, ndiye ampangie siku ya kuivunja?

"Vua mkanda huo," alisema mwishowe. "Twende tukasali. Ukitoka utakula."

Feleti alisali, akala magimbi na nyama iliyopikwa kwa tui, akalala. Kulipokucha Jumatatu alipanda mnarani, akashuka mbio kuiwahi boti. Simu ya Kalisi ikalia. Uso wa Maka ukatokea, macho chini.

"Dada, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Tulikungoja. Mchungaji akabatiza watoto wa wenzetu, wetu tukarudi naye nyumbani. Najua umenyamaza kwa sababu sikuja kumzika mama."

Kalisi aliisogeza simu karibu na uso. Hasira hiyo hakuwa nayo. Au alikuwa nayo, na Maka ndiye wa kwanza kuiona? Kampuni imekata waya, ndugu yake amesikia laana.

"Maka, mtandao ulikatika. Mlete mtoto nimwone."

Mtoto aliletwa. Alikuwa na paji pana la baba yao. Kalisi akavuta pumzi, akalitamka jina, na picha ikaganda.

Akalitamka tena.

"Amesikia?" Vika, aliyekuwa akichungulia begani kwake, aliuliza.

"Mdomo wake umefunguka."

"Ulikuwa wazi tangu mwanzo, dada. Sisi sote midomo iko wazi."

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa kampuni: tatizo lako limetatuliwa, tunashukuru kwa uvumilivu wako. Baada ya hapo, chenga.

Kalisi aliusoma mara mbili. Kisha akaukunja mkeka aliokuwa amemsukia mtoto, akajifunga ta'ovala, akamwachia Vika nguruwe. Honi ya boti ya Nuku'alofa ilikuwa imeshalia. Njiani kuelekea gatini alikuwa bado anajiuliza kama alimkasirikia Maka kweli, na huku midomo yake inalirudia lile jina, lisije likampotea kabla ya kufika penye mtandao.