Asubuhi Nilizosali Mbele ya Baba

Kwa miaka sita nilimdanganya baba yangu kwa barua. Mengi niliyomwandikia yalikuwa kweli: kwamba nimepata kazi ya ukarani katika ghala la shirika la umma, kwamba nimepanga chumba Kariakoo, kwamba sukari ni ya shida na sabuni ni ya shida zaidi. Uongo ulikuwa mstari mmoja tu, wa mwisho kila mara: "Ninasali kila siku, asubuhi na jioni, kama ulivyonifundisha." Niliuandika kama wenzangu walivyoandika "wako mtiifu", bila kufikiri, kisha nikalamba bahasha.

Baba alikuwa katekista huko kwetu Kusini, upande wa Masasi, tangu kabla sijazaliwa. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara, kanisa letu la udongo lilibaki porini tulikotoka. Yeye akaendelea kukusanya watu kila alfajiri katika banda la korosho, wawe ishirini, wawe wawili. Alikuwa na sauti nzito inayofika mbali. Mama, alipokuwa hai, alikuwa akisema kijiji chetu hakihitaji kengele.

Mimi sikuwahi kuamua kuacha kusali. Mwezi wa kwanza Dar es Salaam nilipiga magoti kila siku kando ya kitanda. Kisha nikaanza kwenda alfajiri kupanga foleni ya unga kwenye duka la ushirika, nikasema nitasali nikirudi. Nikirudi nimechelewa kazini. Jioni nilikuwa na wenzangu kilabuni, Jumapili kulikuwa na mpira. Kufika mwisho wa mwaka nilikuwa nimesahau hata kwamba kuna kitu nilichokuwa naahirisha.

Ndipo ikaja barua ya baba, mistari minne tu: koo linamsumbua, zahanati imeshindwa, anakuja kwa meli.

Nilimpokea bandarini asubuhi yenye mvua. Alikuwa amekonda, shingoni amejizungushia kitambaa cheupe, mkononi ana kikapu cha korosho.

"Shikamoo, baba."

Midomo yake ikasema marahaba, lakini sauti haikutoka. Ilitoka pumzi tu. Nilidhani ni uchovu wa safari. Akanishika bega, akatikisa kichwa, akajigusa koo. Nikaelewa kwamba sauti ilikwisha zamani na hakutaka kuniandikia hilo.

Hospitalini walimchunguza kwa siku mbili. Daktari, kijana wa umri wangu, alinivuta ukumbini.

"Ni uvimbe, na umeshaenea. Mmechelewa, ndugu yangu."

"Hakuna dawa?"

"Kuna ya maumivu. Ukitaka mrudishe nyumbani, ukitaka kaa naye hapa mjini. Mimi ningekaa naye. Safari itamtesa bure."

Nikakaa naye. Chumbani kwangu nilimpa kitanda, mimi nikalala chini kwenye mkeka.

Asubuhi ya kwanza niliamka nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu ameiweka pamoja, kitabu chake cha sala kimefungwa juu ya magoti. Ananitazama. Nikamuuliza kama anataka maji. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama anaumwa. Akatikisa kichwa tena, akaendelea kunitazama, na uso wake ulikuwa na subira ileile ya banda la korosho, anapongoja watu watulie. Nilielewa. Hakuwa na sauti ya kusali. Mimi ninayo. Na kwa barua zangu mwenyewe, mimi ni mtu anayesali kila siku.

Nilipiga magoti. Nikaanza Baba Yetu, nikaenda vizuri mpaka katikati, nikakwama. Sala niliyoijua kabla sijajua kuhesabu! Nikajifanya nimekabwa na kikohozi, nikarukia mwisho, nikasema amina. Baba akafanya ishara ya msalaba, akaendelea kungoja. Kwake huo ulikuwa mwanzo tu.

"Nimechelewa kazini, baba," nikasema.

Mchana ule, wakati wa chakula, nilitoa kitabu chake nilichokuwa nimekiiba kutoka chini ya mto. Nikanakili sala za asubuhi nyuma ya fomu za kupokelea mizigo, nikazikariri huku wapagazi wanashusha magunia. Siku ya pili nikasali vizuri kidogo. Ya tatu nikaongeza zaburi. Jioni nikimkuta macho nilisali tena, kwa ufupi.

Hivyo ndivyo nilivyojenga mazoea ya kusali. Watu huyajenga kwa upendo, au kwa nadhiri. Mimi niliyajenga kwa kuogopa kushikwa.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, na kuta hazikufika kwenye paa. Ukikohoa chumba cha kwanza, cha sita wanakwambia pole. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kiislamu, mzaliwa wa hapohapo, mjane. Kila alfajiri nilisikia mitalawanda yake, vile viatu vya mti, ikigonga sakafu ya ukumbi akienda uani kutawadha. Nikaifanya ndiyo saa yangu. Mitalawanda ikipita mlangoni, nakunja mkeka na kunawa uso, naye baba keshaketi. Baada ya wiki tatu mwili uliamka wenyewe kabla bibi hajatoka. Sikuruka siku hata moja. Mvua ikinyesha nilisali, nikiwa na homa nilisali.

Na sikuhisi kitu. Ningependa kusema kwamba mazoea yalizaa imani, kwa maana nimesikia wengi wakishuhudia hivyo. Kwangu maneno yalitoka kinywani yakaishia chumbani humohumo. Nilikuwa kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba za kijiji kilichohamwa. Nilimwombea baba apone, naye alizidi kukonda mbele yangu. Kwanza aliacha wali, kisha ugali, akabaki na uji mwepesi, tena kijiko kwa kijiko. Nikimaliza kuomba uponyaji nilifumbua macho nikaiona shingo yake imevimba kuliko jana.

Siku moja bibi mwenye nyumba alinikuta uani nafua shuka za baba.

"Mwanangu, dua yako naisikia kila siku," akasema. "Mbona unakimbia nayo kama unafukuzwa?"

Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Pengine kwa sababu hakuwa wa dini yangu.

"Nasoma tu, bibi. Moyoni hamna kitu. Kabla ya mzee kuja sikuwa nikisali kabisa. Nimemdanganya miaka yote."

Aliokota shuka moja, akanisaidia kuikamua.

"Usimwambie," akasema. "Mgonjwa habebeshwi mzigo. Wewe sali, mengine mwachie Mola."

Nilikusudia kumtii. Lakini Jumapili moja baba aliomba kalamu. Tangu afike alikuwa akiniandikia maneno mawili matatu kwenye karatasi: maji, dirisha, asante. Siku hiyo aliandika muda mrefu, kisha akanipa. Alitaka nimwandikie padri wa kwetu barua kwa niaba yake, na maneno alikuwa ameyapanga yeye. Yalisema kwamba mwanawe ameishi mjini bila kupotea, kwamba amesali kila siku kwa miaka yote, na yeye mwenyewe sasa ameshuhudia kwa macho yake. Chini alikuwa ameandika: "Wasomee watu bandani, vijana wasikie. Mimi naenda na amani."

Nilikaa na karatasi ile mkononi. Kumdanganya mtu mmoja nilikuwa nimezoea. Kuandika uongo ule kwa mkono wangu, usomwe mbele ya watu walionilea, kama wosia wa mtu anayekufa, sikuweza.

"Baba," nikasema, "siwezi kuiandika hii."

Akainua nyusi.

"Si kweli. Nilianza kusali siku uliyokuja. Kabla ya hapo nilikaa karibu miaka sita bila kusali. Barua zile nilikudanganya. Na hata sasa nasali kwa sababu unanitazama."

Nilitegemea machozi, au hasira. Alinyoosha mkono, akachukua karatasi yake, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Akachukua na kalamu. Kisha akalala, akageukia ukutani.

Alfajiri iliyofuata mitalawanda ilipita, nikaamka. Baba hakuketi. Alikuwa macho, nilijua kwa jinsi alivyokuwa akipumua, lakini mgongo ulikuwa kwangu. Nilisimama katikati ya chumba sijui la kufanya. Hakuna aliyenitazama sasa. Ningeweza kuvaa na kwenda zangu. Nikapiga magoti nikausalia mgongo ule, mifupa ikionekana chini ya shati. Sauti ilinitetemeka nikaona aibu, maana nyumba nzima inasikia.

Ikawa hivyo kila siku. Alikunywa uji nikimnywesha, alikubali nimwoshe, lakini hakuniandikia tena neno. Na saa ya sala alinigeuzia mgongo.

Siku ya sita nilikuwa nimechoka, nimekesha nikimgeuza. Katika Baba Yetu nikaruka ile sehemu ya kuomba kusamehewa, si kwa makusudi, nikaendelea mbele. Nikasikia ko, ko. Baba alikuwa amegonga ubao wa kitanda kwa kidole. Nikanyamaza. Akagonga tena. Nikarudi nyuma, nikaisema ile sehemu, nikaendelea mpaka amina. Hakugeuka.

Nimeufikiria mgongo ule na kidole kile kwa maisha yangu yote. Wapo niliowasimulia wakasema, bila shaka alikuwa amekusamehe. Mimi sijui. Alikuwa katekista. Kwa miaka thelathini na zaidi alisahihisha watoto waliokosea sala, na angemsahihisha mtoto yeyote.

Alikufa siku tano baadaye, mchana, nikiwa kwenye foleni ya sukari ya uji wake. Niliporudi nilimkuta bibi mwenye nyumba ameketi kitini kando ya kitanda, ameshamfumba macho na kumfunga kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Innalillahi," akasema. "Mzee katangulia, mwanangu. Hakuteseka mwishoni."

"Aliandika chochote?"

"Hakuandika."

"Aliniulizia?"

Bibi alinitazama kwa huruma. "Angeuliza kwa sauti gani, mwanangu? Alitazama mlango, basi."

Kumsafirisha hakukuwezekana. Nilikwenda kwenye kanisa lililokuwa karibu kuomba azikwe. Padri alikuwa mtu mpole, akafungua daftari lake.

"Wewe unasali wapi?"

"Chumbani," nikasema, na huo ulikuwa ukweli wote niliokuwa nao.

Akafunga daftari, akakubali kuja. Jeneza lilibebwa na wapangaji wenzangu na majirani, wengi wao wamevaa kofia na kanzu. Walisimama kimya wakati padri anasoma, na walipochukua koleo walifukia haraka na kwa adabu, kama wanavyomfukia mwenzao. Karatasi ilikuwa bado mfukoni mwa shati lake la zamani. Nilizika shati pamoja naye bila kuikunjua.

Kesho yake mitalawanda ikapita. Niliamka. Kitanda kilikuwa kitupu, godoro nimelianika uani. Nilikuwa huru kabisa, hakuna duniani wa kunidai sala. Nikapiga magoti, nikasali yote toka mwanzo hadi mwisho bila kuruka kitu, nikanyamaza, nikasikiliza. Nikasikia watu wanachota maji. Nikavaa nikaenda ghalani.

Tangu hapo nimesali kila asubuhi. Nimeoa, nimezeeka, nimekuwa mzee wa kanisa, nimehamia Magomeni. Kuna vijana hunijia wakiniuliza wafanyeje wasiruke siku. Huwaambia: chagua saa, amka, anza, hata kama moyo umekauka. Hawajawahi kuniuliza kama moyo wangu ulikuja kulowa. Wakiuliza nitawaambia kweli, kwa maana uongo wa namna ile nilikwisha kuumaliza. Kuna asubuhi chache, nadhani hazifiki kumi, niliposimama nikahisi nilikuwa na mtu. Nyingine zote nimeongea peke yangu, nikafuta magoti, nikaenda kazini.