Jiwe Langu na Mchi wa Mama

Enzi zile za Ujamaa, sisi watoto wa kijiji cha Suji hatukujua kama duniani kuna nyumba ya mazoezi inaitwa jimu. Tulikuwa na mlima, jembe na msaragambo, kazi ya pamoja. Pembe ikilia asubuhi, kijiji kizima kinatoka kwenda kuzibua mfereji, na jioni makande hayakuhitaji kubembelezwa yateremke.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Shule ilikuwa ipeleke watoto mjini Same kucheza halaiki sikukuu ya Uhuru, tena kwa lori, nami sikuwa nimewahi kuona lami. Mwalimu Elieza wa michezo alitaka wenye mikono imara wa kukaa mstari wa chini, wabebe wenzao mgongoni. Basi nikaokota jiwe mferejini, laini, ukubwa wa papai. Kila jioni nakunja kiwiko, nalipandisha hadi begani, nalishusha. Kwa mkono wa kulia tu, maana wa kushoto ulikuwa na kazi ya kushikilia shati nipate kujitazama. Miezi ikapita, mkononi pakaota kitu wenzangu walichokiita andazi. Nikawa nasalimia wazee nimekunja mkono.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba. Umeteguka?"

Mama na mdogo wangu wa kike, Namkunda, walikuwa wakitwanga mahindi kila siku, mchi juu, mchi chini. Siku moja mama akaniambia, "Mwanangu, mkono una mbele na nyuma. Hilo jiwe lako linalisha mbele tu. Njoo utwange." Mimi? Dume zima la darasa la sita nishike mchi, watu wakiniona? Nikacheka, nikaendelea na papai langu.

Siku ya kuchaguliwa, Mwalimu akatulaza kifudifudi, tukajiinua kwa mikono, kisha kila mmoja akapandishiwa mtoto wa darasa la kwanza mgongoni. "Hadi thelathini!" Kufika saba, nyuma ya mikono, kule ambako jiwe halikuwahi kufika, pakaanza kutetemeka. Wa kushoto ukatangulia kusalimu amri. Nikapinduka ubavu kama debe tupu, yule mtoto akanikalia kichwani.

"Andazi limeungua!" wenzangu wakapiga kelele.

Kando yangu Namkunda, naye kabebeshwa wake, akafika thelathini, akauliza, "Mwalimu, niendelee?"

Lori likamchukua yeye. Nilisimama barabarani nikipunga mkono wangu mnene mpaka likapotea konani. Aliporudi alinisimulia lami siku tatu: "Kaka, ni nyeusi, na mchana inaunguza nyayo!" Hakunicheka hata mara moja. Hilo ndilo lililoniuma.

Siku hizi vijana wa Same wana jimu yenye vioo ukuta mzima. Nawaona wakikunja vyuma, mbele tu, mbele tu, halafu picha. Natamani kuwaambia habari za nyuma ya mkono, ila nani atamsikiliza mtu aliyeangushwa na mtoto wa darasa la kwanza?

Mwezi uliopita nilipanda Suji. Mahindi yanakobolewa mashineni sasa, na kinu cha marehemu mama wananywea maji kuku. Nikawafukuza, nikakifuta, nikamwomba Namkunda mahindi na mchi. Alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka, ndiyo umekuja leo?"

Mapigo ishirini tu, mkono wa kushoto ukaomba poo. Lakini mlio ni uleule. Nikajikuta nageuka kutazama mlangoni, kama vile mama angetoka kuona ni nani huyo, hatimaye, ameshika mchi.