Sauti Iliyowajua Watoto

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, Silvana alifungua ofisi yake saa moja na robo asubuhi, akachapa barua mbili hadi saa tatu kasorobo, akanywa chai. Saa tatu na dakika kumi Mama Hilaria aliingia bila kubisha hodi. Saa tatu na nusu alikuwa ameshatoka getini na binti yake, godoro likiwa limefungwa nyuma ya bodaboda.

Silvana alikuwa katibu muhtasi wa sekondari moja ya wasichana ya bweni, pembezoni mwa mtaa wa Chanji. Alizaliwa kijijini Mwazye, akasomea uhazili na kompyuta katika chuo cha ufundi stadi, na alikuwa na miaka ishirini na minne. Walimu walimtania kwamba hata salamu huihifadhi kwanza ndipo aitoe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Kuna tatizo?"

"Ninyi hamlijui. Babu analijua."

Mama huyo, Mariana, alikuwa ametoka misa ya Jumapili simu yake ilipoita. Sauti ilikuwa ya mwanamume, ya upole, kama ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Ilijiita Babu, mganga, ikamwita kwa jina. Ikamwambia kwamba Hilaria yuko kidato cha pili, mkondo B, analala kitanda cha juu kando ya dirisha, na kwamba katika mtihani uliopita alishuka kutoka nafasi ya sita hadi ya kumi na tisa. Yote yalikuwa kweli. Kisha ikasema kwamba Hilaria ana kifafa.

"Nikamwambia, mwanangu hajaanguka hata siku moja. Akasema, bado, kimeshatumwa, kiko njiani. Na aliyekituma ni mama mzee, ninakula naye chungu kimoja."

"Aliomba pesa?"

"Hata senti. Tapeli angeomba."

Nyumbani kwa Mariana, kule Mollo, mzee alikuwa mmoja tu: Bibi Rosina, mama mzazi wa mumewe.

Kifafa. Neno hilo Silvana alilijua lilikokaa. Mwezi wa nne, alipokuwa akiingiza jina la mwanafunzi aliyehamia, safu za majina, namba za wazazi, vitanda na matokeo katika kompyuta zilishuka mstari mmoja na safu ya afya ikabaki pale pale. Kila msichana akabeba ugonjwa wa mwenzake. Aligundua kesho yake, akasahihisha. Lakini jioni iliyotangulia wino wa printa ulikuwa umekwisha, na Mwalimu Abeli wa taaluma alikuwa amelichukua faili kwenye flashi, akaenda kulichapisha steshenari mjini. Faili lenye kosa halikufika kwingine kokote. Basi sauti ile haikuona chochote. Ilisoma.

Alifungua mdomo aseme ugonjwa ni wa nani. Papo hapo, nje ya dirisha, mwenye ugonjwa alipita na ndoo ya maji kichwani, akicheka na wenzake. Bwenini hakuna aliyejua isipokuwa matroni.

"Mama, lile ni kosa la kuchapa. Nililifanya mimi."

"Kosa la kuchapa linakijua kitanda cha mwanangu?"

"Kifafa hicho si chake."

"Ni cha nani, basi?"

Silvana akayarudisha macho kwenye kibodi.

"Unaona?" Mariana akasema, akainuka.

Jumamosi Silvana alikwenda Mollo. Alimkuta Hilaria ameketi chini, mgongo ukutani, viganja vyote viwili vimebana ardhi. Hakuwa akisogelea jiko wala kisima. Alikuwa akijisikiliza, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje ya nyumba. Ndugu zake walimtazama hivyo hivyo. Akikohoa, nyumba nzima ilinyamaza.

Bibi Rosina alikuwa amehamishiwa ghala la mahindi. Juu ya bati kulikuwa na mawe ambayo hayakufika pale yenyewe. Ukoo ungekutana Jumamosi iliyofuata, na vijana walikuwa wameshasema kwamba bibi hatalala tena pale baada ya kikao. Atalala wapi, hawakusema.

"Umekuja kumtazama mchawi?" bibi akauliza. "Karibu ndani. Ungo wangu uko gereji."

Silvana akainama, akaingia.

Jumatatu alimweleza mkuu wa shule mpango wake, naye akaridhia. Alichapa ukurasa mmoja wa usajili wa mwanafunzi mpya: Debora Christopha, kidato cha pili, mkondo A, kitanda cha chini karibu na mlango, haoni vizuri usiku. Namba ya mzazi ilikuwa laini ya pili ya Silvana mwenyewe. Akampa Mwalimu Abeli flashi.

"Kachapishe pale pale unapochapishia siku zote, mwalimu."

"Dada Silvana, unawashuku bure. Mafaili yetu yako pale toka mwaka juzi. Mwenye duka ni mtu poa sana."

"Ni mtu poa. Lakini kompyuta yake iko mlangoni, na kila mteja anaishika."

Alhamisi mchana, wasichana wakiwa kwenye foleni ya ugali, simu iliita.

"Mama Debora," sauti ikasema, taratibu. "Usiogope. Mwanao haoni usiku. Unajua ni kwa nini?"

Silvana aliibana simu sikioni. Jina lile alilitunga mwenyewe, kwenye kiti kile kile.

"Ninamwona," sauti ikaendelea. "Amesimama nyuma yako."

Alijua hakuna mtu. Aligeuka hata hivyo.

"Babu," akasema, "nipigie Jumamosi saa nne. Nataka na wenzangu nyumbani wakusikie."

Jumamosi, Mollo, wanaukoo walikaa kwenye viti na magunia. Bibi Rosina alikaa peke yake, mbali nao. Silvana aliwasalimu wazee, akaomba wampe muda kidogo, akaiweka simu juu ya kigoda na kuifungulia spika. Saa nne ikapita. Kijana mmoja akaanza kuguna. Ndipo ikaita.

Mariana aliitambua sauti kwa neno la kwanza. Akashika kitenge kifuani. Sauti ikamtaja Debora, mkondo wake, kitanda chake, macho yake. Ikasema giza lile limetumwa. Ikasema, "Humo ndani kwenu yuko mama mzee, mnakula naye chungu kimoja." Kisha ikakatika.

"Huyo Debora ni nani?" akauliza Eustaki, baba yake Hilaria.

"Hayupo, baba. Nilimwandika mimi Jumatatu, nikamwacha steshenari. Hajawahi kuzaliwa."

Walioketi karibu na kigoda walirudisha viti nyuma kidogo.

"Hajazaliwa, na bibi yake ameshamroga," Bibi Rosina akasema kutoka alikokaa. "Huyo ananishinda mimi."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Eustaki akainuka, akaingia ghalani, akatoka na blanketi la mama yake, akalirudisha ndani ya nyumba. Mariana alichelewa kuinuka. Alimsogelea Silvana, akanong'ona, "Na kile kifafa? Kuna mtoto wa mtu anacho?"

"Mama, nisamehe. Hilo sitakujibu."

Mariana alimshika mkono. "Na mtu akikuuliza ya Hilaria, hutamjibu?"

"Sitamjibu."

Jumatatu Hilaria alirudi bwenini. Safu ya afya ilitolewa kwenye kompyuta na kukabidhiwa matroni, kwenye kabati lenye kufuli. Shule ilinunua wino. Polisi walipewa namba ile. Walikuta mwenye laini alifariki miaka mitatu nyuma. Kompyuta ya steshenari ilifutwa mafaili yote, ingawa hakuna aliyeweza kusema ni flashi ngapi zilikuwa zimeshachomekwa pale na kuondoka.

Mwezi Mei 2025 laini ya pili ya Silvana iliita tena, kwa namba ngeni. Safari hii sauti ilikuwa ya mwanamke. Ilimpa pole Mama Debora, ikamwambia kwamba binti yake, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, ameanza kutoona hata mchana.