Nusu Aliyotakiwa Kulipa Baba

Mwanangu, kuna jambo nimelikana miaka mingi. Kila nikiulizwa nilisomaje ng'ambo bila kulipa hata senti, hujibu kwamba ni alama zangu za kidato cha sita. Alama zilikuwa nzuri, sikatai. Nimezitaja hata wanangu wa kuzaa wamezikariri. Lakini zilinifikisha mlangoni tu. Aliyenipitisha ni mama, na niliona haya kusema alivyonipitisha.

Nakumbuka miaka ile ya mageuzi, Mwananyamala imejaa redio mpya na mashati ya mitumba, baba yangu amekaa barazani. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimempunguza kazini. Mama ndiye aliyetuweka mjini, akiuza mitumba Buguruni; akifungua mzigo mbaya, jioni tunakunywa chai ya rangi na kuambiana hatuna njaa.

Mie nilikuwa situlii. Nilisikia kuna vyuo ng'ambo ambavyo vikishakukubali, hupima uwezo wa nyumba yenu, kisha hulipa chote kinachopungua. Nikavitafuta maktaba, nikaandika barua, nikawa nashinda posta hadi karani akanichoka. Hatimaye kimoja kikaniletea fomu ya kueleza hali ya nyumbani.

Mama akaniona naijaza. "Usituvue nguo mbele ya watu," akasema.

Nawe umelelewa hivyo, unajua. Mgeni akikuta hamna kitu, mnamwambia ndiyo kwanza tumekula. Basi kwenye kazi ya baba nikaandika mfanyabiashara. Nilijiona nina adabu sana.

Chuo kikaamini. Kikajibu kwamba nimekubaliwa, na mfanyabiashara wangu alipe nusu.

Baba alipoelezwa akauliza, "Huyo mfanyabiashara anakaa wapi? Nikamkope."

Nikaandika upya, ukweli mtupu. Wakajibu kwamba watapiga simu, wausikie kwa mzazi mwenyewe. Mwanafunzi Mtanzania aliyekuwa huko angetafsiri. Simu ya karibu ilikuwa dukani kwa Mzee Salum, juu ya kaunta, kati ya sukari na mafuta ya taa. Ukiongea pale, umeongea na mtaa mzima.

Ndiyo maana nakuusia wewe unayehangaika na vyuo sasa. Usilewe neno ufadhili. Kuna wa nusu, kuna wa karo tu, ukifika huna chakula wala nauli ya kurudi. Waulize kama wanajaza pengo lote, mpaka mwaka wa mwisho, hata kwa mtoto wa nchi nyingine. Uliza pia kama kuomba msaada kunakupunguzia nafasi ya kukubaliwa, maana kwingine kunapunguza. Ukikipata chuo hicho, eleza hali ya nyumbani kama ilivyo. Stara ni jambo jema, lakini hakuna atakayejaza pengo ulilolifunika kanga. Mungu akufungulie njia, na siku ulimi wako ukikwama, akujaalie mtu wa kukusemea.

Mie alinijaalia. Siku ya simu nilizunguka pale dukani tangu asubuhi, hata Mzee Salum akasema, "Binti, utanimalizia sakafu." Ilipolia, duka lilikuwa limejaa. Bi Zuhura, jirani yetu ambaye habari kwake hailali, alikuwa kashika chupa yake ya mafuta ya taa. Nikaanza kwa Kiingereza, kwa raha zangu, kwa kuwa hakuna aliyenielewa. Kisha wakamtaka mama.

"Shikamoo mama," sauti ya yule kijana wa kutafsiri ilisikika mpaka nilipokuwa. "Wanauliza, nyumbani mnaweza kutoa kiasi gani?"

Mama akamtazama Bi Zuhura. Akahamishia simu sikio la pili.

"Marahaba, mwanangu. Hatuna. Baba yake hana kazi, na mie nisipouza hatuli. Waambie hivyo hivyo, usiwapunguzie."

Kijana akatafsiri, akasikiliza, akarudi. "Wamesema imetosha, mama. Watalipa yote."

Mama akaweka simu, akajifunga kanga upya, akawageukia watu.

"Haya, mmesikia wenyewe. Basi muombeeni mtoto aende salama."

Bi Zuhura ndiye aliyetangulia kuitikia amina.