Mdomo wa Mama na Chupa Mbili za Dawa ya Macho

Mama alikuwa akifungua mdomo kila nilipomtia dawa machoni. Aliinua uso, akayatazama mabati ya paa yaliyokuwa meusi kwa moshi, na tone lilipokaribia kudondoka mdomo ukafunguka wenyewe, kama kifaranga anayengoja kulishwa. Nilimcheka. Nilimwambia dawa ni ya macho, si ya meno. Naye alinijibu, mdomo ukiwa wazi vilevile, kwamba nifanye haraka, ng'ombe hajakamuliwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, nyumbani kwetu upande wa Sotik. Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya upili ya karibu, binti wa mwisho, niliyebaki na mama baada ya baba kufariki. Katika hospitali ya misheni mama alikutwa na presha ya macho. Tulielezwa kwamba presha hiyo haiumi. Inayala macho polepole kuanzia kando, na kilicholiwa hakirudi. Akapewa kichupa kimoja cha matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Kazi ya kutia ikawa yangu, kwa kuwa mwanzoni mama alikuwa akijidondoshea puani.

Aliogopa upofu kwa sababu moja, nayo aliisema wazi: chai. Majani mawili na chipukizi, si zaidi, ndivyo alivyochuma tangu nimjue, na karani wa kituo cha kununulia majani hakuwahi kukirudisha kikapu chake. "Siku nitakayoshindwa kuliona jani," aliniambia, "nitakaa jikoni nikingoja kupewa uji."

Baada ya miezi kadhaa macho yakawa mekundu. Alisema ni kama mchanga umeingia, na kwamba ni ile dawa inayochoma. Mimi, mwalimu mzima, nilijua zaidi. Nilimjibu kwamba dawa ya moto ni moto, nikaenda Sotik kwenye duka la dawa nikanunua chupa ya pili, ya kuondoa wekundu. Hiyo ilikuwa baridi. Kwa saa moja hivi macho yalikuwa meupe kama ya mtoto, na mama akaipenda. Kufikia hapo alikuwa amejifunza shabaha, kwa hiyo aliiweka katika mfuko wa aproni ya kuchumia chai na kujitilia kila mchanga uliporudi. Nao ulirudi upesi zaidi kila wiki.

Kuna kitu nilikiona nisikijali. Nilipomtia ile dawa ya presha, mdomo haukufunguka tena. Midomo ilibanwa, tone likamtiririkia shavuni, akalipangusa kwa leso. Lakini alipojitilia ile ya baridi, mdomo ulikuwa wazi kama zamani. Nilidhani ameizoea tu ya presha.

Kisha siku moja karani akakirudisha kikapu. "Mama, leo umetuletea ya mbuzi," alimwambia kwa utani. Mama hakucheka. Alirudi nyumbani, akamwaga majani juu ya gunia, akawa anayachambua moja moja huku akiyasogeza karibu na pua. Mwanga ulimuumiza, kwa hiyo alikuwa amevaa kofia kuukuu ya baba. Nilipomwona hivyo niliogopa.

Nina ugonjwa wa kusoma maandishi madogo. Nasoma karatasi ya sabuni, nasoma gunia la mbolea mpaka mwisho. Jumamosi hiyo niliziweka chupa mbili mezani penye dirisha, nikachukua lenzi niliyoazima maabara. Dawa zilikuwa tofauti, watengenezaji tofauti, lakini chini kabisa palikuwa na neno moja refu, lilelile kwenye zote mbili. Nililinakili. Jumatatu mwanafunzi alijikata kidole, nikafungua sanduku la huduma ya kwanza, na kwenye chupa ya dawa ya kusafishia vidonda neno likanitazama tena. Nilisimama pale nikilisoma, mtoto wa watu akivuja damu. Nilistaajabu kuliko nilivyoogopa, na hilo linanitia aibu mpaka leo. Dawa inayoua vijidudu kwenye kidonda ilikuwa ikiingia machoni mwa mama mara ngapi kwa siku?

Wiki hiyo tulirudi hospitalini. Tulipokewa na daktari wa macho kijana, ambaye hakuwa mtu wa kwetu. Aliligusisha jicho la mama kipande cha karatasi chenye rangi ya machungwa, akawasha taa ya buluu, akachungulia kwenye darubini yake. Nilipomwonyesha lile neno aliniruhusu nichungulie pia. Konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, nilikuwa nimeichora ubaoni miaka mingi ikiwa laini na safi. Ya mama ilijaa vitone vya kijani vinavyong'aa, kila mahali rangi iliponasa mchubuko, kama jani la chai baada ya mvua ya mawe.

Daktari alieleza kwamba neno lile ni la kihifadhi. Chupa hufunguliwa kila siku kwa mwezi mzima, inagusa kope, inagusa vidole, na bila kihifadhi vijidudu vingezaliana humo. Ila kihifadhi hakichagui. Kinaweza kuichubua ngozi nyembamba ya juu ya konea na kuyaharibu machozi yanayoilinda. Matone mawili kwa siku watu wengi huyavumilia. Mara kumi kwa siku, kwa miezi, ni jambo lingine.

Mama alisikiliza, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Ni kama makaa ya mursik?"

Daktari hakuelewa.

"Kibuyu tunapaka makaa ndani, ndio maziwa ikae wiki mbili, tatu, isioze. Lakini ukipaka mingi, maziwa inakuwa chungu. Inakwaruza koo."

"Haswa, mama. Ni hivyo hivyo."

Nilifurahi kama mtoto. Miaka yote nilifundisha uhifadhi wa chakula kutoka kitabuni, na mwalimu wa somo hilo alikuwa jikoni kwetu akisugua kibuyu. Nilitaka kumuuliza mengi, lakini daktari alikuwa anapima presha, na uso wake ukabadilika. Ilikuwa imepanda kuliko siku ya kwanza.

"Mama, hii dawa ya presha unatiwa kweli?"

Nilidakia kwa hasira. "Namtia mimi mwenyewe, asubuhi na jioni!"

Mama alitazama mikono yake. "Ananitia, daktari. Mimi ndio nafunga macho tone ikikaribia. Hiyo inachoma sana. Na huyu msichana anaamka mapema juu yangu. Nikimwambia aache, atasikia vibaya."

Basi ndiyo maana mdomo ulibanwa. Chupa niliyomnunulia ilikuwa imemchubua konea, konea iliyochubuka ikaifanya dawa ya presha kuwa moto, naye akaifungia macho ile pekee aliyoihitaji. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliiuliza chupa, nikaiuliza lenzi, na mama aliyeniambia mapema kwamba dawa inachoma nilimfunga mdomo kwa methali.

Daktari aliitupa chupa ya pili. Ya kwanza hatukuwa na ruhusa ya kuiacha. Kulikuwa na matone yasiyo na kihifadhi, alisema, ya vichupa vya kutumia mara moja na kutupa, ila hapo hawakuwa nayo. Alinifundisha kutia tone moja tu, kisha kuibonyeza kona ya jicho karibu na pua ili dawa isishukie puani.

Zilipita wiki chache, mchanga ukapungua, wekundu ukaenda. Jioni moja niliinua kichupa, na mdomo wa mama ukafunguka wenyewe. Sikumcheka. Baadaye karani naye akakipokea kikapu bila neno.

Lakini uoni wa kando ulikuwa umeliwa. Nilimuuliza daktari ni kiasi gani kililiwa kabla hatujaja mara ya kwanza na kiasi gani katika miezi ile ya kufunga macho. Alisema hawezi kujua. Nilimuuliza tena mwezi uliofuata, akasema vilevile.

Mama aliendelea kuchuma. Jani lililokuwa mbele yake aliliona barabara. Lakini nikimjia kutoka ubavuni kati ya mistari ya chai, alishtuka mpaka kikapu kikatikisika mgongoni. Kwa hiyo nilijifunza kuzunguka shamba lote, nikatokea mwisho wa mstari, nikamjia kwa mbele, polepole, anione tangu mbali.

"Mbona unazunguka hivyo siku hizi?" aliniuliza.

Nilimwambia njia ya mkato ina matope. Alinitazama usoni, akatabasamu, akaendelea kuchuma.