Mkoba Usio na Kufuli: Maisha ya Mwalimu Laurenti wa Tongoni

Laurenti Mhina alizaliwa Muheza tarehe 10 Agosti 1958, mtoto wa nne wa Yona Mhina, mkata mkonge. Siku hiyo Kanisa humkumbuka Laurenti shemasi, kwa hiyo padri hakuhangaika kutafuta jina. Alikulia kwenye kambi ya shamba, mahali ambapo haikupita wiki bila mtu kujikata, na alipofikisha miaka ishirini alifundishwa uuguzi katika zahanati ya shamba hilohilo. Wagonjwa walisema mikono yake ilikuwa myepesi. Shamba lilipofungwa mwaka 1994 alihamia Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, na huko akaombwa awe katekista wa kigango kidogo chenye waumini wasiofika sitini, kilichozungukwa na majirani Waislamu. Tangu hapo watu wote, wa kanisani na wa msikitini, walimwita Mwalimu.

Hatutampamba kupita kiasi, maana mwenyewe angekasirika. Laurenti alipenda unadhifu mpaka ukawa kero. Mabenchi ya kanisa aliyapanga kwa kamba, na ole wake aliyesogeza moja. Mwaka 2011 parokia ilimpa mkoba wa huduma ya kwanza, na Padri Mathew akaubariki mbele ya waumini. Kitu kilichobarikiwa, aliwaza Laurenti, hakiwezi kuning'inia ovyo kama kikapu cha sokoni. Akauviringisha kwa kitambaa cha altare, akapiga mafundo matatu, akauweka kwenye kabati la sakristia pamoja na kalisi, akatia kufuli. Ufunguo ulikaa katika koti lake la Jumapili. Alifanya hivyo kwa heshima tupu, na heshima hiyo ilimgharimu mtu uhai wake.

Jumamosi ya kuamkia sikukuu ya kigango, Uweso, mkwezi wa minazi pale kijijini, alikuja kuangua nazi za wali wa sikukuu. Alikuwa Mwislamu, na alikataa ujira kabisa, akisema sherehe ya jirani ni yake pia. Kwenye mnazi wa tatu aliteleza, akaanguka na panga lake, nalo likamkata paja kwa ndani. Damu ilitoka kwa kuruka. Wanawake waliokuwa wakichagua mchele walimkimbilia wakiwa na khanga mikononi, lakini Laurenti akapaza sauti: "Msimguse! Nafuata mkoba!" Wakamtii, kwa kuwa ndiye aliyesomea kazi hiyo. Alifika kabatini akakumbuka kuwa koti liko nyumbani. Akakimbia nyumbani, akarudi, akafungua kufuli, akahangaika na mafundo, akaanza kupekua: vidonge vya kichwa, dawa ya kikohozi, kipimajoto, plasta. Bandeji zilikuwa chini kabisa, zimekunjwa vizuri mno. Alipofika kwenye mnazi Uweso alikuwa ameshanyamaza, na khanga za wale wanawake zilikuwa bado safi.

Hakuna aliyemlaumu. Walisema siku ya mtu ikifika imefika, na Padri Mathew alimwambia maneno ya faraja. Laurenti hakufarijika, kwa kuwa alijua jambo ambalo wao hawakulijua: kwamba mikono yake mitupu ingetosha. Angekandamiza kidonda kwa khanga, akakaza, asiachie, pengine Uweso angefika hospitali hai. Alitamani kwenda kwa mjane siku ileile akiri kosa lake, lakini Nasma alikuwa amekaa eda, na mwanamume wa kando haingii kwa mwanamke aliye edani. Basi akangoja miezi minne na siku kumi. Katika siku hizo aliapa kutotia tena tui mdomoni, na kwa mtu wa pwani hiyo si toba ndogo. Kiapo hicho alikitunza mpaka kufa. Wali wake ulipikwa kwa maji na chumvi.

Eda ilipokwisha alipiga hodi. Nasma, msusi wa mikeka na mikoba ya ukili, alikuwa barazani na kazi yake mapajani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukwambia jambo. Uweso hakufa kwa kudra tu. Mimi niliwazuia watu wasimguse, nikaenda kutafuta ufunguo."

Nasma alisuka mshono mzima bila kuinua macho. Kisha machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. "Naujua ufunguo huo," alisema. "Shoga zangu walikuwapo. Nilikuwa nakungoja uje useme mwenyewe. Basi nimekusamehe kwa Mwenyezi Mungu, ila mie sijamaliza na mkoba wako. Kaulete."

Akauleta. Nasma akamfunga macho kwa mtandio wake, akasema, "Haya, mtu atoka damu. Nipe cha damu." Laurenti akapapasa, akatoa kipimajoto. Akapapasa tena, akatoa dawa ya kikohozi. Nasma akamfungua macho, akamwaga kila kitu mkekani. "Kichwa kitangoja, kikohozi kitangoja. Hivi vyote vya nini humu?"

Wiki nzima walikaa barazani pale, mlango wazi na majirani wakitazama, mpaka mkoba mpya ukapatikana: mdogo, wa ukili ulioshonwa turubai ndani, unaoingia kwenye kikapu cha baiskeli. Mkanda wa kukazia mguu au mkono ulikaa nje, kwenye kitanzi, uvutwe kwa mkono mmoja. Glavu zilikuwa mfuko wa kwanza, shashi na bandeji wa pili, na kila mfuko Nasma aliusuka kwa mshono wake ili vidole viujue hata gizani. Mkasi ulifungwa kwa kamba, pamoja na kalamu ya kuandika saa mkanda ulipokazwa. Kila Jumapili baada ya ibada Laurenti aliwafumba waumini macho na kuwataka bandeji. Aliwafundisha kuanza na mikono, mkoba ufuate.

Mikoba iliongezeka. Mmoja ulitundikwa msikitini penye birika za udhu, mwingine kwa fundi baiskeli Ngamiani, mwingine shuleni Usagara, na yote haikuwa na kufuli. Mkasi wa Ngamiani ulipoibwa mara tatu, Laurenti aliununua mara tatu, akasema angalau mwizi ameshajua ulipo. Mwaka 2016 msichana aitwaye Hafsa aligongwa na bodaboda karibu na duka la fundi huyo, mguu ukachanika, na muuza kahawa asiyejua kusoma akamkaza mkanda kabla watu hawajamaliza kupiga kelele. Hafsa anatembea hadi leo. Watu waliita muujiza. Laurenti alisema ni kitanzi cha nje.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo mwezi Machi 2023. Saa yake ya mwisho aliuliza, "Mlango umefungwa?" Wauguzi wakadhani anahisi baridi, wakaufunga. Akatikisa kichwa mpaka walipoufungua tena.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, na sisi hatulitangulii. Ila upendo wetu ulitupeleka kulekule alikopotelea yeye. Siku ya arobaini tulileta kabati la kioo ili tuuhifadhi mkoba wake wa kwanza wa ukili, na kabati lilikuwa na kufuli jipya linalong'aa. Nasma, aliyekuja kama jirani, alisimama mlangoni. "Mume wangu alikufa akingoja ufunguo," alisema. "Na leo Mwalimu naye mwamtia kufuli?" Padri Mathew aliinamisha kichwa, kisha akautoa mkoba kabatini kwa mkono wake.

Sasa unaning'inia kwenye msumari kando ya mlango wa kanisa, upande wa kulia, kimo cha mtoto. Anayeingia huchovya vidole katika maji ya baraka, kisha hunyoosha mkono na kuugusa mkanda ule bila kutazama. Anayetaka kumfuata Mwalimu Laurenti na aanze hapo, auzoeze mkono wake njia. Nasma hupita kila mwezi kukagua mishono, na kabla hajaondoka hufumba macho, huuvuta mkanda kwa mkono mmoja, kisha huurudisha.